Kufungiwa leseni Uingereza kwa sababu ya pombe: ya nyumbani haikuokoi

Pole sana ndugu yangu. Umesema mahakama ya huko England imekufungia kuendesha miezi 20 na unauliza kama unaweza kutumia leseni ya Tanzania mpaka muda uishe, jibu ni hapana kabisa, wamekufungia wewe sio kile kikadi, ukidakwa unaendesha hiyo ni kesi nyingine na jela mpaka miezi 6.

Sasa cheki karatasi za hukumu kama hakimu alikupa ofa ya ile kozi ya madereva walevi (jina baya najua). Kama ulikubali, ukiimaliza inapunguza robo, yani miezi 5, unabaki na 15. Ila uimalize angalau miezi miwili kabla ya hiyo tarehe mpya ya kufunguliwa, wengi wanazembea hapa wanakuja kulia. Hela unalipa mwenyewe, haizidi pauni 250.

Mi nilidakwa asubuhi naenda shifti, nimelala, nimeoga, chai nimekunywa, najiona mzima kabisa, napuliza kile kimashine naambiwa pombe kwenye pumzi ni 52 wakati mwisho ni 35. Mwaka mzima nikawa mtu wa baiskeli na mvua ile ya huku, bosi nilimwambia siku hiyohiyo akanihamishia stoo.

Kama umehama nyumba wape DVLA (ofisi ya leseni za udereva ya huko) anwani mpya, fomu ya kuomba leseni inakuja siku 56 kabla ya kufunguliwa. Na bima bana, jiandae, hilo kosa unalitaja miaka 5.