Betri mpya, taa zinang'aa, gari haliwaki

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Nina gari dogo la petroli la mwaka 2004, lenye gia za otomatiki, ambalo ninalo hapa Tanga kwa mwaka wa sita sasa. Tangu mwezi uliopita, nikizungusha ufunguo asubuhi nasikia mlio mmoja tu wa "ta!", kisha kimya. Taa za dashibodi hazififii na honi inalia kama kawaida. Fundi wa kwanza alisema betri imekufa. Nikanunua mpya, na siku ya tatu tatizo likarudi. Wa pili anataka tubadilishe stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake. Kinachonishangaza ni kwamba jirani alipokuja kunibustia, yaani kuniwashia gari kwa nyaya kutoka betri yake, alibana waya mweusi kwenye nguzo hasi ya betri yangu na gari halikuwaka, lakini alipouhamishia kwenye chuma cha injini liliwaka papo hapo. Je, ninunue stata? – Msomaji, Tanga

JIBU: Usinunue kwanza. Jirani yako, pengine bila kukusudia, amefanya kipimo ambacho mafundi wote wawili hawakukifanya.

Umeme unaozungusha stata hutoka nguzo chanya ya betri kwa waya mnene, hupita ndani ya stata, huingia kwenye chuma cha injini, kisha hurudi nguzo hasi. Kwa kuwa injini imekalia raba, haigusani na bodi kwa namna ya kutegemewa, na njia yake ya kurudishia umeme ni waya wa ethi uliofungwa kwa bolti kati ya injini na bodi au betri. Jirani alipobana kwenye nguzo hasi, umeme ulilazimika kupita kwenye waya huohuo wako mbovu. Alipobana kwenye injini, aliuruka. Stata iliyozunguka vizuri mara moja kwa njia hiyo haina sababu ya kuwa mshitakiwa wa kwanza.

Taa nazo zinatoa ushahidi uleule. Betri ikiwa dhaifu, taa hufifia pale stata inapoivuta, na mara nyingi husikika mlio wa haraka haraka, "ta-ta-ta-ta". Kwako taa hazitikisiki kwa sababu zina njia yake ya kurudi kupitia bodi, na stata haivuti chochote cha maana. Stata ya gari dogo huweza kuhitaji ampia 150 hivi, na kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, hupoteza volti 3 kwa mkondo huo. Ule mlio mmoja ni wa sumaku ya stata, ambayo hutosheka na ampia chache.

Hakikisha kwa mita ya umeme, ambayo fundi yeyote wa umeme wa magari anayo. Weka gia kwenye P, vuta breki ya mkono, na weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja igusishwe kwenye nguzo hasi yenyewe, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, huku mtu mwingine akipiga stata. Ikisoma chini ya volti 0.5, nimekosea na tutatafuta kwingine. Ikisoma 2 au zaidi, mhalifu amepatikana.

Fungua kibanio cha nguzo hasi kwanza, kwa spana namba 10 mara nyingi, ili spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya isilete cheche. Kisha fungua bolti za waya wa ethi uangalie chini yake. Kwa gari lililokaa karibu na bahari miaka sita, natarajia utakuta unga mweupe au wa kijani. Piga msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili, kaza sawasawa, halafu ndipo upake grisi kwa nje. Usidanganywe na waya unaopendeza: bonyeza mpira wake karibu na kichwa cha bolti, na ukisikia unachakarika, nyuzi za ndani zimeshaoza. Nunua mwingine wa unene uleule. Waya wa nyumbani hautafaa. Gari likishawaka, pima betri: ikisoma kati ya volti 13.8 na 14.5, altaneta, yaani jenereta ya gari, inachaji.

Betri ya zamani, kama bado unayo, ipeleke ikachajiwe na kupimwa. Huenda haikuwa na kosa.

SWALI: Gari langu la otomatiki likiwa kwenye P haliwaki, wala halitoi mlio wowote, lakini nikiweka N linawaka. Je, ni betri? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si betri, kwa kuwa betri haijui gia uliyoweka. Ni swichi ya usalama iliyo kwenye gia boksi, inayozuia stata isizunguke gari likiwa kwenye gia. Ama imesogea, ama vigusio vyake vya P vimelika, ama kebo ya gia imelegea. Mwambie fundi aanze na kebo, kisha alegeze bolti za swichi na kuirudisha mahali pake, kabla hajakuuzia nyingine. Kwa sasa washa kwenye N, mguu ukiwa juu ya breki na breki ya mkono ikiwa imevutwa.