Fundi Anajibu: Mkono wa Chuma Unashikilia Wapi?

Toleo lililopita nilimtaja kwa kupitia tu yule muuaji wa kwenye vitabu vya katuni (komiki) vya kampuni ya Marvel, Winter Soldier, mwenye mkono wa kushoto wa chuma na nyota nyekundu begani. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko zile za mwaka mzima kuhusu maumivu ya goti. Basi leo goti lisubiri. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa viungo bandia, nilisomea Moshi pale TATCOT, chuo cha kazi hiyo, na komiki ni ugonjwa wangu tangu utoto. Nilizinunua kwenye marundo ya mitumba ya soko la Memorial, Moshi, nyingi hazina jalada, nyingine hazina kurasa za mwisho. Zipo hadithi ambazo mpaka leo sijui ziliishaje.

*Shikamoo fundi. Mimi na kaka yangu tumewekeana kreti ya soda. Yeye anasema Winter Soldier ni shujaa, mimi nasema ni adui, tena muuaji. Nani alipe? – Wa Tanga*

Marahaba. Ngoja nikupangie tangu mwanzo, halafu tutaona ya kreti.

Huyu kijana jina lake ni Bucky Barnes. Alitokea mara ya kwanza kwenye Captain America namba 1 ya Machi 1941, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Wakati huo alikuwa mtoto wa kambini aliyevaa barakoa na kumfuata vitani Captain America, askari shujaa mwenye ngao, shujaa mdogo kabisa, hana hata mkwaruzo. Mwaka 1964, kwenye Avengers namba 4, Captain anaokotwa kwenye barafu na tunaambiwa Bucky alikufa mwishoni mwa vita, ndege yenye bomu ilipolipuka. Akakaa kaburini zaidi ya miaka arobaini. Mashabiki walikuwa na msemo wao kwamba kwenye komiki hakuna anayekufa kabisa isipokuwa Bucky, Jason Todd msaidizi wa Batman na mjomba wake Spider-Man, Ben. Mwaka 2005 wawili kati ya hao watatu wakafufuka. Mzee Ben peke yake ndiye aliyeheshimu mazishi yake.

Waliomfufua Bucky ni mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting. Hadithi yao ni kwamba mlipuko haukummaliza, ulimkata mkono. Warusi wakamwopoa baharini, akiwa hajui yeye ni nani. Jenerali Karpov akamfungia mkono wa chuma, akamjaza maagizo kichwani, akamfanya mdunguaji. Kazi ikiisha anagandishwa kama samaki wa stoo, ikipatikana nyingine anayeyushwa. Ndiyo maana miaka hamsini ilipita yeye akazeeka michache tu. Katika toleo la kwanza la 2005, wa kwanza kupigwa risasi ni Red Skull, adui mkubwa kuliko wote. Hapo msomaji anashangilia. Muda si mrefu anamuua Jack Monroe, mtu aliyewahi kuwa upande wa Captain, na shangwe inakauka mdomoni.

Baadaye kumbukumbu zinamrudia, na mwaka 2008, Captain mwenyewe akiwa ameuawa, Bucky ndiye anayevaa lile vazi na kushika ngao. Kwa hiyo wewe umesoma mwanzo, kaka yako ameona mwisho. Gaweni kreti nusu kwa nusu, na chupa tupu mrudishe dukani.

*Fundi, niko kidato cha nne, mchepuo wa sayansi, Dodoma. Mwalimu wetu anasema mkono kama ule hauwezekani. Mimi nasema teknolojia imefika. Je, leo ungeweza kuutengeneza? Na silaha zake je?*

Mdogo wangu, wewe na mwalimu wako wote mnautazama mkono. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka wiki yangu ya pili ya mafunzo, mkufunzi alipotuuliza, huku ameshika kiganja cha mpira juu kama anauza nyanya: "Hiki kinashikilia wapi?" Darasa zima kimya.

Vidole vya chuma vyenye nguvu havina shida. Hata mashine ya kukamua miwa ina nguvu kuliko ngumi yako. Tatizo liko pale chuma kinapokutana na mtu. Mkono wako umeungwa na kiwiliwili kwa kiungo kimoja tu cha mfupa, pale mtulinga unapokutana na kidari. Jipapase hapo chini ya shingo. Mfupa wenyewe ni unene wa kidole. Mengine yote yanayolishikilia bega ni misuli na kano.

Sasa chukua sinema ya 2016, pale Bucky anapodaka pikipiki inayomjia mbio. Tupige hesabu ya darasani: pikipiki na dereva kilo 200, mwendo mita 10 kwa sekunde, isimamishwe kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Unapata nyutoni 20,000, sawa na kutundikiwa uzito wa tani mbili. Mkono wa chuma unaweza kusalimika. Utakuta umebaki kwenye usukani wa pikipiki, na mwenyewe amebaki barabarani na shimo begani. Watu wa sinema nadhani walilijua hilo, wakamdunga dawa ya kuimarisha mwili mzima. Kwenye komiki ya 2005 dawa hiyo haipo, mwili uliobaki ni wa binadamu mwenye mazoezi. Hapo nakubaliana na mwalimu wako.

Lakini usikate tamaa, maana upande wa kuutawala mkono kwa mawazo umesogea kuliko watu wanavyojua. Mmarekani mmoja wa Tennessee, Jesse Sullivan, fundi wa nyaya za umeme, alipigwa shoti mwaka 2001 akakatwa mikono yote miwili mpaka mabegani. Bucky alikatwa mmoja. Daktari Todd Kuiken wa Chicago na wenzake wakaichukua mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda mkononi, wakaielekeza kwenye misuli ya kifua. Jesse akiwaza "funga kiganja", kipande cha kifua kinacheza, vihisio vinasoma ule umeme mdogo wa msuli, kiganja cha mashine kinafunga. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyeliagiza: akiguswa kifuani, anahisi ameguswa mkononi. Mimi niliposoma habari hiyo niliweka chai chini.

Na kuhusu kushikilia, Waswidi wa Gothenburg wameshika njia ya Brånemark, yule aliyegundua kwamba mfupa hukubali kuungana na titani. Wanapachika chuma ndani ya mfupa, ncha inatoka nje ya ngozi, kiungo bandia kinabanwa pale. Hakuna soketi, lile kombe la kuvalia kigutu, ya kubana nyama. Shida ni pale penye ngozi, mlango ambao haufungwi, na wadudu wa maradhi hawahitaji kubisha hodi.

Silaha nitazipitia haraka, maana haziniumizi kichwa. Kwenye komiki mkono ule hupiga wimbi la umeme linalozima mitambo yote ya karibu. Sawa, na wenyewe ni mtambo, mbona hauzimiki? Na umeme wake unatoka wapi? Mikono ya umeme ninayoijua huchajiwa usiku kama simu, na mingi haipendi maji. Muuaji wa aina hiyo kwetu masika angeomba likizo.

Kuna jambo hukuuliza nami nitalisema bure. Katika tamthilia ya 2021, Bucky tayari ana mkono mpya aliotengenezewa Wakanda, nchi ya kubuni ya Marvel barani Afrika. Anagombana na Ayo, askari mwanamke wa huko. Ayo anagusa sehemu chache begani, mkono unachomoka, unaanguka sakafuni pwaa! Bucky anabaki ameutumbulia macho. Hakuwa anajua kwamba unachomolewa hivyo. Mimi nilisimamisha picha nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Kwenye kabati la karakana yangu kuna kiganja cha umeme, msaada kutoka Ulaya, kizuri, vidole vinafunga kama ua. Mwenyewe alikitumia miezi kadhaa, chaja ikafa, na chaja nyingine haipatikani mpaka kiwandani. Alikirudisha kwenye mfuko wa nailoni akaniomba ile kulabu yake ya zamani ya waya na mkanda. Kulabu ya namna hiyo inayogawanyika mara mbili ilisajiliwa na Mmarekani Dorrance mwaka 1912. Inavutwa na bega la upande wa pili, haina betri, na fundi baiskeli anaweza kuitengeneza.

*Fundi, mwanangu ana miaka tisa, alizaliwa bila kiganja cha kushoto, mkono umeishia chini kidogo ya kiwiko. Ameona picha za huyo Winter Soldier kwa jirani. Sasa anataka mkono kama ule, wenye nyota na bunduki, na hataki kusikia mwingine. Nimwambie nini? – Mama, Mbeya*

Mama, pole na hongera kwa pamoja. Kuna watoto nimewaona wakificha mkono kwenye shati miaka yote. Wako anautaka uonekane.

Nyota atapata. Hilo ni la mafundi, na ni rahisi kuliko unavyofikiri. Tukishapata umbo la mkono kwa plasta, kabla ya kumimina rezini, ule uji wa plastiki unaokauka ukawa mgumu, tunavuta kitambaa juu yake, na kitambaa kikishanywa rezini kinakuwa sehemu ya soketi, hakibanduki. Nimewahi kuweka kitenge cha mama mtu, na nimeweka fulana ya Simba iliyokatwa ili simba akae sawasawa juu ya kiwiko. Fulana ya nyota nyekundu mitumbani haikosekani. Uende nayo. Uingereza, kule Bristol, kuna kampuni ya Open Bionics inayotengeneza mikono ya umeme ya watoto yenye magamba ya mashujaa wa katuni, kwa hiyo mwanao hana wazo la ajabu hata kidogo.

Bunduki mwambie fundi amekataa. Nisingizie mimi.

Sasa la msingi. Mkifika kwenye karakana ya viungo ya hospitali, fundi mzuri atamwuliza yeye, siyo wewe: "Unataka ukashike nini?" Muda huo mama unyamaze, hata kama jibu litakutia aibu. Nilikuwa na mzee mmoja aliyepoteza kiganja cha kulia kwenye mashine ya kusaga. Nimekaa naye, mikono yangu miwili imejaa plasta, nasubiri ikauke kwenye kigutu chake, ina joto joto kama ugali unaopoa, naye kimya. Nikamwuliza. Nilitegemea aseme jembe. Akasema: "Kikombe. Nikipewa chai msibani, nishike kikombe na sahani yake kama watu." Tulitengeneza kwa ajili ya kikombe. Kile kiganja cha mpira chenye rangi ya ngozi alichopewa zamani hukivaa Jumapili na harusini, siku nyingine kinalala kwenye sanduku pamoja na tai.

Rudi kwenye komiki uone: katika kurasa zote nilizosoma za Karpov, hakuna mtu aliyemwuliza Bucky swali hilo. Walimfungia walichotaka wao kishike.

Mwanao anaweza kusema baiskeli. Anaweza kusema udakaji wa mpira. Anaweza pia kuuvaa mwezi mmoja na kuutupa chini ya kitanda, maana mtoto aliyezaliwa hivyo ameshajifunza kufunga vifungo kwa kigutu na kidevu, na wakati mwingine mkono bandia humpunguzia kasi. Akiutupa usimgombeze, na usihesabu kuwa hela imepotea. Atakua, soketi itambana, na kila ikibana mnarudi karakanani. Siku moja atakuja na jibu jipya.

*Fundi, hakuna mwanamke mwenye mkono kama huo?*

Yupo, dada, na alitangulia. Misty Knight wa Marvel, askari polisi wa New York, mkono wa kulia ulikatwa na bomu, akatengenezewa mwingine na Tony Stark, yule Iron Man. Alikuwa na mkono wake miaka ya 1970, Bucky bado yuko kaburini. Upande wa maadui kuna Lady Deathstrike, ambaye vidole vyake vyenyewe ndiyo visu. Kuhusu huyo swali langu ni moja: anafungaje vifungo?

*Fundi, wewe ni mtaalamu gani? Toleo lililopita umeandika Doctor Octopus ana mikono minne. Ana sita. – Aliyechukizwa, Moshi*

Nimekosa. Minne ya mashine, miwili ya mama yake, jumla sita, tangu alipotokea kama adui wa Spider-Man kwenye Spider-Man namba 3 ya 1963. Lakini kwa kuwa umenichokoza, nikwambie kwa nini nampenda yule mzee kuliko Bucky. Mikono yake haikufungwa begani. Imefungwa kwenye mkanda mpana kiunoni, uzito unakaa nyongani, pale pale mama anapombeba mtoto na mchukuzi anapokaza mkanda wake. Aliyemchora alijua mzigo unakaa wapi. Ile ajali iliyomgandisha mkanda mwilini ndiyo mkosi wenyewe, maana vifaa vyangu vyote vina mikanda ya kunata na kubandua, na jioni mtu anavua, analala.