Kuutambua Mti kwa Simu: Piga Jani Zima

Wengi wanaolalamika kwamba programu za kutambua mimea zinadanganya, ukiziangalia picha zao utakuta kijani kimoja, yaani kipande kidogo tu kati ya vile vinavyounda jani zima, kimechumwa, kimeshikwa kwa vidole, nyuma vichaka vitupu. Kwa picha ya namna hiyo hata bwana misitu angebahatisha.

Mimi hutumia Pl@ntNet, programu ya bure iliyoundwa na taasisi za utafiti za Ufaransa, kwa miti ninayokutana nayo Muheza, mkoani Tanga, na njia ya kupandia Amani, kwenye Milima ya Usambara. Chukua mwarobaini na mwenzake Melia azedarach, unaopandwa sana majumbani kwa kivuli. Kijani kimoja kimoja vinafanana mno. Lakini chuma jani zima, tangu pale linaposhika kwenye tawi, ulilaze juu ya karatasi nyeupe. La mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vimejipanga huku na huku moja kwa moja juu yake. La Melia linatoa vikonyo vidogo pembeni, na hivyo ndivyo vinavyobeba vijani. Ua nalo linamaliza ubishi: la mwarobaini ni jeupe, la Melia lina rangi ya zambarau hafifu. Tofauti hii si ya kupuuza, kwa sababu matunda ya Melia yana sumu.

Kwa hiyo piga picha za jani zima, ua au tunda kama lipo, na gome, kisha zitume zote pamoja kama mmea mmoja. Programu italeta majina kadhaa, kila moja na asilimia yake. La juu likiwa na asilimia ndogo, usilishike; ongeza picha.

Mtandao ukisumbua, piga picha papo hapo huku simu ikihifadhi mahali ulipo, utazituma ukishuka. Seek, programu nyingine ya kutambua viumbe, ya mtandao wa iNaturalist, inafanya kazi bila intaneti, ila kwa miti yetu mara nyingi naona inaishia kutaja jamii ya mti tu, si jina la mti wenyewe.

Na usilikatae jina kwa kuwa si la mti wa hapo. Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakaleta miti ya kila pembe ya dunia. Mti uitwao Maesopsis eminii uliingizwa Amani ukasambaa mpaka ndani ya msitu wa asili. Ndiyo maana nikiwa pale mimi huchagua, ndani ya Pl@ntNet, orodha ya mimea ya dunia nzima.

Ukishapata jina la kisayansi, mtafute mzee wa kijiji, umwamkie, umwonyeshe tawi lenyewe badala ya kioo cha simu. Atakupa jina la Kisambaa, na atakwambia mti unatumika kwa nini na nani aliwahi kudhurika nao. Kabla ya hapo usichemshe, usitafune, wala usimpe mtoto, hata kama simu imesema asilimia tisini.