Kachero ndani ya genge: sauti aliyoinasa kwa siri inakubalikaje mahakamani?

SWALI: Nimeitazama filamu ya Donnie Brasco (1997). Kachero wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani) anaishi na mafia wa New York, ana kinasa sauti ndani ya buti, na sikuona popote akiomba kibali cha jaji. Wenzake wanamwamini na kumweleza mambo yao yote. Huo si mtego? Mahakama iliukubalije ushahidi kama huo? Na je, yule Lefty, mwanagenge aliyemwamini kachero huyo, aliuawa kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, suala la kibali ndilo zito, nianze nalo. Kachero halisi, Joseph Pistone, aliyejiita Donnie Brasco, alijipenyeza mwaka 1976 akijifanya mwizi wa vito, akaondolewa Julai 1981. Sheria ya shirikisho ya 1968 inakataza kunasa mazungumzo ya watu bila kibali cha mahakama, ila haimbani mtu wa serikali ambaye mwenyewe ni mmoja wa wanaozungumza. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1966, katika kesi ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi Jimmy Hoffa, kwamba Katiba haimlindi mhalifu aliyemwamini mtu ambaye baadaye anamgeuka. Mwaka 1971, katika kesi ya White, majaji walio wengi waliona kuwa hali haibadiliki hata kama msikilizaji huyo amevaa chombo cha kupeleka sauti kwa wenzake.

Mpaka wenyewe ni mwembamba. Donnie angekiacha kinasa sauti chini ya meza kisha akatoka nje, maneno yote yaliyosemwa akiwa hayupo yangehitaji kibali cha jaji. Kilichomo ndani ya buti kinaondoka naye. Kumbuka pale kwenye mgahawa wa Kijapani, anapokataa katakata kuvua viatu: kisheria yuko salama, hatari inatoka kwa wale aliokaa nao.

Utauliza, maneno yaliyosemwa nje ya mahakama si ushahidi wa kuambiwa, ambao kwa kawaida hukataliwa? Maneno ya mshtakiwa mwenyewe yanatumika dhidi yake. Ya mwenzake katika njama yanatumika pia, mradi yalisemwa ili kuiendeleza njama hiyo. Majigambo ya baa tu, ya kusimulia mambo yaliyokwisha, wakili mzuri wa utetezi atayapinga, na mara nyingine atashinda.

Kuhusu mtego, jaji anauliza: nia ya kutenda kosa ilitoka kwa nani? Mwaka 1958 Mahakama ya Juu ilifuta hatia ya mtu aitwaye Sherman. Alikutana kwa daktari na mtu aliyekuwa akiripoti kwa polisi kwa siri, wote wawili wakidaiwa kutibiwa uraibu. Yule mtu alimsihi tena na tena amtafutie dawa za kulevya mpaka akakubali. Hapo serikali ilikuwa imemtengeneza mhalifu. Lefty hakushawishiwa na mtu. Donnie alimkuta tayari yumo kwenye kazi hizo, na ni Lefty aliyemfundisha Donnie taratibu za genge. Kumfungulia nafasi mtu aliyekwisha kuwa tayari si mtego kisheria.

Ulinzi hubadilika mtu akishashtakiwa rasmi. Tangu kesi ya Massiah ya 1964, serikali haiwezi kumtuma mtu kwa siri amchokonoe mshtakiwa kuhusu shtaka hilo bila wakili wake kuwepo.

Kinachonisumbua mimi hukukiuliza. Kwenye filamu Donnie anashiriki kumpiga mhudumu wa mgahawa, mtu asiye na hatia yoyote. Mwongozo wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani kuhusu operesheni za siri za FBI, unaomkataza kachero kushiriki vitendo vya vurugu isipokuwa kwa kujihami, ulitolewa Januari 1981, kazi ya Pistone ikiwa ukingoni. Naamini ulichelewa mno. Ushahidi unaweza kuwa halali kabisa na bado kuna mtu wa pembeni aliyeumizwa ili upatikane, na huyo hana kesi ya kutajwa ndani yake.

Sasa Lefty. Filamu inamwonyesha akivua vitu vyake vya thamani na kutoka kwenda kufa. Lefty halisi, Benjamin Ruggiero, alikamatwa na FBI mwishoni mwa Agosti 1981, kabla wenzake hawajamfikia. Mwaka 1982 alikuwa kizimbani Manhattan Pistone alipotoa ushahidi, akatiwa hatiani. Alitoka gerezani 1992, akafa kwa saratani 1994. Aliyeuawa kwa kosa la kumleta Donnie ni mkubwa wake, Sonny Black, Agosti hiyo hiyo ya 1981. Maiti yake iliokotwa mwaka uliofuata huko Staten Island.