Enkoda ya 600, 1024 au 2500?

SWALI: Shikamoo Mzee wa Karakana. Nina mashine ndogo ya kerezo ya Kichina nyumbani. Nimechoka kubadilisha gia kila nikitaka kukata nyuzi za hatua nyingine (umbali wa uzi mmoja hadi mwingine), hivyo nataka ile skrubu ndefu inayosukuma kibebea kisu iendeshwe na mota yake, ikifuata spindeli (mhimili unaozungusha chuma kinachokatwa) kwa enkoda, kile kifaa kinachotoa mapigo ya umeme kadiri mhimili unavyozunguka. Dukani kuna za mapigo 600, 1024 na 2500 kwa mzunguko. Rafiki yangu anasema namba ikizidi, na usahihi unazidi. Pia nafikiria kuifunga moja kwa moja kwenye mkia wa spindeli. Nichukue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Chukua 1024, na usiifunge mkiani. Siku ukitaka kupitisha nondo ndefu ndani ya spindeli utakuta umeziba tundu mwenyewe. Iweke pembeni, uizungushe kwa mkanda wa meno na puli mbili zenye meno sawasawa, tuseme 60 kwa 60, ili spindeli ikizunguka mara moja nayo izunguke mara moja. Mkanda usikazwe kama waya wa gitaa, beringi za enkoda ni ndogo. Na puli isiingizwe kwa nyundo, tafadhali! Ndani mna kisahani chenye mistari myembamba mno. Ukigonga, umenunua pambo.

Sasa namba. Enkoda hutoa mapigo kwenye nyaya mbili, A na B, na mapigo yake yanapishana robo ya pigo, kwa hiyo kila pigo huhesabiwa mara nne: 1024 inakuwa hesabu 4096 kwa mzunguko. (Ukiona muuzaji kaandika 2400, huenda ni ile ile ya 600.) Ukikata uzi wa bolti ya M10 wenye hatua ya 1.5 mm, hesabu moja ni kisu kusogea chini ya mm 0.0004. Skrubu yako inacheza zaidi ya hapo mara mia, sasa 2500 itakusaidia nini? Itakuletea mzigo tu: kwa mizunguko 2,000 kwa dakika inatoa hesabu zaidi ya 333,000 kila sekunde. Hata za 1024, yaani 136,000 na ushee, Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta ya kuendeshea mota, ikihesabu kwa programu itazipoteza njiani. Tafuta bodi yenye kihesabio chake ndani, kama STM32 au ESP32.

Ya 600 ingetosha kwa usahihi. Wasiwasi wangu ni kwamba nyingi za bei rahisi zina kikomo cha mapigo 20,000 kwa sekunde, na kwa mwendo huo huo wa 2,000 unakuwa umekigusa. Enkoda ya Omron E6B2 ya 1024 inakwenda hadi 100,000.

Kabla ya kulipa, soma herufi za mwisho kwenye lebo, maana hapo ndipo bodi nyingi huungulia. CWZ3E hutoa volti kulingana na umeme unaoilisha. Ukiilisha volti 5 na bodi yako ni ya 3.3, unaweza kuiunguza. CWZ6C haitoi volti yenyewe, huvuta waya kwenye hasi tu, na kuupandisha ni kazi ya rizista utakayoweka wewe kati ya waya huo na volti 3.3 za bodi. Kwangu mimi hiyo ndiyo ya kununua. Waya wake uwe wenye kinga ya chuma, upite mbali na nyaya za mota.

Ukishafunga, usikimbilie kukata chuma. Weka alama kwenye kichwa cha spindeli na nyingine kwenye mwili wa mashine usiozunguka, zitazamane, kisha anza hesabu kwenye sifuri. Washa mota, iache izunguke dakika kadhaa kwa mwendo wa juu, zima, halafu rudisha alama zitazamane kwa mkono. Gawanya namba unayoiona kwa 4096. Ikibaki hesabu mbili tatu, ni mkono wako. Yakibaki mamia, kuna mapigo yanapotea; anza kukagua waya na rizista kabla hujaigusa programu.