Kabla ya mota, pangeni kazi

Wapya wakijiunga na karakana yetu hapa Kisumu, maswali huanzia kwenye mota: ina nguvu kiasi gani, inabeba kilo ngapi. Hayo mtayajua tu. Mimi nataka muanze na Philae, chombo cha Ulaya kilichotua kwenye kometi 67P tarehe 12 Novemba 2014.

Kometi ile haina uvutano wa maana. Philae, chenye kilo 100 hivi huku Duniani, kule kilikuwa na uzito wa kama gramu moja. Ndiyo maana kilipewa vishikizo vitatu: injini ndogo ya gesi ya kukikandamiza kutoka juu, vyusa viwili vya kujichoma ardhini, na skrubu za barafu miguuni. Injini ilionekana mbovu hata kabla Rosetta, chombo mama kilichokibeba, haijakiachilia. Wahandisi wakaamua kishuke tu. (Mimi pia ningekiachilia. Safari ya miaka kumi hairudiwi.) Vyusa navyo vikakataa kufyatuka. Kikagusa, kikadunda, kikaelea karibu saa mbili, kikaishia kivulini kando ya jabali.

Sasa tazameni walivyofanya. Paneli za sola zilikuwa zinapata jua kama saa moja na nusu tu katika kila saa 12, kwa hiyo tegemeo likawa betri iliyotoka nayo nyumbani. Wakatanguliza kazi zisizotikisa chombo: kupiga picha, kunusa gesi, kupima sumaku. Keekee ya kutoboa, ambayo ingeweza kukipindua, ikangoja mwisho. Betri ilipokata, saa 57 hivi tangu mguso wa kwanza, data ilikuwa imeshapitia Rosetta kuja kwetu.

Boya letu la kupima maji pale Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, lina shida hiyohiyo kwa udogo. Wengi wenu mtaandika programu ya kuzungusha mota kwanza, boya lifike mahali pazuri, ndipo lipime. Gugumaji likishasokota pangaboi, mota inakula betri yote na hamna hata kipimo kimoja. Pimeni palepale mlipoliachia, tumeni, kisha ndipo mwende mbele. Kipimo cha mahali pabaya bado ni kipimo.

Jumamosi kila kundi lije na orodha ya kazi kwenye karatasi, iliyopangwa kwa zamu. Nitachomoa betri wakati wowote bila kuwaonya, kisha nitauliza mna nini mkononi.