Mwanangu halali mpaka saa saba usiku

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Ana usonji, na daktari amesema ana ADHD pia, tatizo la kutotulia na kukosa umakini. Halali mpaka saa saba usiku, saa kumi yuko macho anarukaruka kitandani. Akilala anakoroma. Mchana anajigonga kichwa ukutani na kung'ata wenzake. Mama mkwe anasema nimpe Piriton. Nifanyeje? – Mama K., Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Piriton iache. Ni dawa ya mzio, na watoto wengine wakipewa ndiyo kwanza wanachangamka. Sijui nani alitufundisha kusini huku kwamba ni dawa ya kulaza watoto.

Umesema anakoroma, halafu ukapita. Mimi ningeanzia hapo. Mafindofindo yakiwa makubwa huziba njia ya hewa, mtoto anashtukashtuka usiku kucha bila kuamka sawasawa. Mtu mzima akikosa usingizi husinzia. Mtoto hupandwa na wazimu wa kurukaruka na kung'ata. Mrekodi kwa simu akikoroma, ukamwonyeshe daktari wa hospitali ya Ligula. Mwombe apime na akiba ya madini ya chuma mwilini (kipimo cha damu kiitwacho ferritin), maana yakipungua miguu haitulii kitandani. Na kama ameanzishiwa dawa ya ADHD, uliza inamezwa saa ngapi: nyingi zikimezwa alasiri hufukuza usingizi.

Usonji wenyewe nao huvuruga usingizi, kwa hiyo si kwamba umemdekeza. Umri wake anahitaji kulala jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku. Wako anapata 3. Hapo hata mimi ningeng'ata mtu.

Nyumbani, usimlaze saa mbili akalia mpaka usiku wa manane. Mlaze saa sita na nusu, usingizi ukiwa karibu, kisha kila baada ya siku chache rudisha nyuma robo saa. Kuamka ni saa kumi na mbili, hata Jumapili. Simu na televisheni vizimwe saa nzima kabla. Aoge, apige mswaki, aingie chandaruani, kila siku kwa mpangilio huohuo. Kagua na fulana anayolalia: lebo ya shingoni wewe huisikii, yeye inamkesha. Vidonge vya melatonini, homoni ya usingizi, vipo, ila aamue daktari.

Mama mkwe, kwa kuwa huamka kuswali alfajiri, mwombe akushikie zamu ya saa kumi siku mbili tatu kwa wiki, nawe ulale.